Msimu Niliokuwa Sikio la Mume Wangu

3 Machi

Nimeanza kuandika kwa sababu mume wangu hasikii. Kumwambia jambo ni lazima nipaze sauti, na nikipaza sauti mtaa mzima unajua nimekasirika na kwa nini. Karatasi haina majirani.

Mvua imeanza leo. Shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu na mwenye karakana anayofanyia kazi, alikuja asubuhi kabla sijatoka. Hakukaa. Alisimama mlangoni akikung'uta matope ya viatu, akasema, "Shemeji, ndugu yangu kaharibu milango mingine tena."

Milango yenyewe ni ya vikabati vya ukutani vya hoteli mpya, midogo, myembamba, ya mbao ngumu. Kazi ya mume wangu ni kuchimba vishimo vya bawaba na mifereji ya vishikio kwa kile kimashine cha mkono chenye ncha inayozunguka kwa kasi, ambacho pale karakana wanakiita nyigu. Nyigu akilemewa sauti yake hushuka, na hapo fundi hutakiwa kumwinua kabla mbao haijaungua au kuchimbika kupita kiasi. Kila mtu pale anaisikia sauti hiyo ikishuka, isipokuwa aliyemshika nyigu. Mashine kubwa ya kupasulia mbao imemla masikio, miaka yote aliyosimama kando yake.

"Ama apate mtu wa kumsikilizia, ama nimpeleke getini awe mlinzi," akasema shemeji.

"Mlinzi kiziwi? Wezi watakuombea dua."

Hakucheka. Akasema wafanyakazi wake wote wana kazi zao, lakini mimi ni mtu wa mashine, sikio langu linajua chombo kinapolemewa. Wiki mbili tu, mpaka ndugu yake ashike mwendo. Mume wangu alikuwa amekaa kitandani anafunga kamba za viatu, hana habari kwamba anajadiliwa.

4 Machi

Mimi ni fundi cherehani. Nakaa kwenye kibaraza cha mama mmoja mjane, pamoja na mwenzangu ninayemwita Kicheko, maana hata ukimwambia umefiwa ataanza kwa kucheka. Meza yangu ndiyo ya mbele, inayotazama barabara. Nilikaa pale binti yangu wa mwisho akiwa ananyonya, na sasa naye ananyonyesha wa kwake. Wateja wangu hawaniambii wanataka nini. Wanatupa kitambaa mezani, "Kama kile cha mwaka jana," na wanaendelea na safari.

Mama mwenye nyumba ana sharti moja tu: meza isikae bure. Anapenda kusikia watu barazani kwake. "Cherehani isiyolia ni meza tu," husema, "na meza ninazo ndani." Mshona viatu aliyekuwapo zamani alienda kuuguza ndugu, aliporudi akakuta kona yake ina mtu.

Nimemwomba wiki mbili. Akanitazama juu ya miwani. "Huu ni msimu wa sare za shule, mwanangu. Wiki mbili, sawa. Ukizidisha tutakosana."

Nikamwambia hatutakosana.

5 Machi

Nimekuwa sikio rasmi. Nasimama nyuma ya mume wangu, mkono wangu wa kulia begani kwake. Nyigu akianza kukoroma nambonyeza mara moja, anainua. Anakwenda kasi mno, mara mbili. Hatari, namfinya, anazima. Kanuni hizi tumezitunga pale pale huku fundi wa kupaka vanishi, wanayemwita mpaka vanishi, na wenzake wakijitia hamnazo, nyuso zimewavimba kwa kicheko.

Nyigu akiwa huru analia juu, sauti nyembamba. Akiingia kwenye mbao inashuka kidogo, na hiyo ndiyo sauti nzuri. Ikishuka zaidi, mtu anasukuma. Ikipiga mluzi, ncha imekuwa butu. Sikuhitaji kufundishwa. Sindano butu nayo husema hivyo hivyo.

Hakuharibu mlango hata mmoja leo. Jioni shemeji kampiga mume wangu begani, bega lile lile, "Umerudi mwanaume!" Mimi nilikuwa nafagia vumbi.

7 Machi

Mvua. Mgongo unauma. Vumbi la mbao liko mpaka ndani ya masikio, nitakuwa wa pili kutosikia.

11 Machi

Tumegombana, na wote wamesikia upande mmoja tu, wangu.

Ncha ya nyigu inazunguka kuelekea upande mmoja. Ukiisukuma kinyume na mzunguko inakula mbao taratibu, inakutii. Ukienda nayo inakukimbia. Hilo ameniambia mwenyewe, kwa mbwembwe, siku ya kwanza. Leo, kwa kuwa kalala vibaya au kwa kuwa shetani kapita, akaanza mfereji wa kishikio kwa upande usiofaa. Nyigu karuka, kakata mstari mpaka ukingoni mwa mlango kabla sijafinya.

Akazima, akageuka, "Ulikuwa wapi?"

"Hapa! Nyuma yako! Mimi ni sikio, sikupewa na kazi ya kukushikia mkono!"

"Mbona unapiga kelele?"

Karakana nzima ilicheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, lakini nilipofika chooni nililia kidogo. Nilikuwa nimeacha gauni la bibi harusi limekatwa, halijaunganishwa, kwa ajili ya mtu anayeniuliza nilikuwa wapi.

18 Machi

Wiki mbili zimekwisha. Nilimwambia shemeji, kesho narudi kibarazani. Akakuna kichwa. Milango haijafika hata nusu, mvua imevimbisha mbao na kila kishimo kinataka kupitiwa mara ya pili. "Shemeji, nivushe mwezi huu tu."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anapuliza vumbi kwenye kibanio cha ncha kwa makini makubwa, kama vile hakuna mwingine aliyewahi kupuliza vumbi. Ninajua anaposikia na anapokuwa hasikii, na ninajua pia anapokuwa hataki kutazama midomo.

Mama mwenye nyumba amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Hakunikaribisha kiti.

19 Machi

Mvua. Bawaba. Mvua.

24 Machi

Leo ilinyesha mvua ya kweli. Paa la karakana ni bati tupu, na mvua ile ilipokolea hata mimi sikusikia kitu. Mpaka vanishi alikuwa ananiambia neno, naona midomo tu. Nikaelewa kwa mara ya kwanza anavyoishi mume wangu. Nilitaka kumfinya azime, halafu nikagundua kwamba sihitaji masikio. Mtetemo wa nyigu ulikuwa unapanda mkononi mwake, unafika begani, unaingia kwenye kiganja changu. Akiwa huru ni msisimko mwembamba. Akilemewa unakuwa mzito, unatikisa kwa vipande. Tulifanya kazi saa nzima chini ya mvua ile, na kila kishimo kikatoka safi.

Mvua ilipopungua nilimweleza. Nilimshika mkono, nikaweka kidole chake kwenye mbao, nikamwashia nyigu kwenye kipande cha majaribio, nikamwambia usoni kabisa, "Unamsikia? Hivi ndivyo nilivyofanya leo. Si kwa sikio, kwa mkono!"

Alibaki na kidole pale muda mrefu. "Hmm," akasema.

Mtu unamfungulia mlango wa mbingu anasema hmm.

27 Machi

Hakuna umeme tangu jana. Mume wangu anasawazisha vishimo kwa patasi, na hapo hahitaji mtu, nimekaa kama mgeni. Ameanza tabia ya kubana kijiti cha mbao kwenye meno, anakaa nacho kutwa kama mtu aliyeacha sigara.

2 Aprili

Nilipita kibarazani. Meza yangu imejaa sare za shule zilizokatwa, si zangu. Kicheko alicheka, "Nakushikia tu shoga, usije ukafikiri vingine!" Mama mwenye nyumba alitoka ndani, akasema mlangoni wanapita watu wananiulizia na yeye amechoka kusema uongo. Nimemwomba mpaka hoteli ikabidhiwe kazi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliniuliza mume wangu ana hali gani, nikasema anaendelea, akasema, "Yeye anaendelea."

Neno lile limenikaa.

8 Aprili

Leo nimeokoa mlango, na pengine vidole vya mtu.

Kibanio hakikukazwa vizuri. Ncha ikaanza kushuka yenyewe kidogo kidogo, na mume wangu, anayetazama mstari wake, akawa anaona mstari uko sawa wakati chini shimo linazidi kwenda. Nilisikia sauti ikianza kutetereka, kama bakuli linalotikisika sahanini. Nikamfinya kwa nguvu zote. Akazima. Kutazama, ncha imebakiza unene wa karatasi kutokea upande wa pili, na inachezacheza, ilikuwa tayari kuruka.

Shemeji alikuja mbio. "Loo! Nani kaona?"

"Niliona mwenyewe," akasema mume wangu.

Hivyo tu. Akachukua spana, akakaza kibanio. Nilisubiri ageuke aseme jingine. Shemeji akampongeza kwamba sasa jicho linafanya kazi ya sikio. Nilitazama alama za kucha zangu kwenye shati lake, bado zilikuwapo.

9 Aprili

Sijasema naye. Hajagundua.

15 Aprili

Niandike na hili, ili nisije nikaambiwa naandika mabaya tu.

Miaka mingi sikuwahi kumshika bega. Nyumbani kila mtu ana shughuli zake, tunapishana kama wapangaji. Sasa nalijua bega lile kuliko mito ya kitanda changu. Najua linavyoshuka anapoanza kuridhika na kazi. Leo, alipomaliza mfereji wenye kona ya duara, ule mgumu, aliegemea nyuma kidogo, mgongo wake ukanigusa kifuani, na akabaki hivyo. Sikumsukuma. Nilijiambia, labda wiki hizi hazikupotea. Labda huyu mtu alikuwa anahitaji kushikwa na mimi nilikuwa na sindano mkononi siku zote.

Nimejisoma tena hapo juu na nimejionea aibu, lakini nitaacha.

22 Aprili

Nilimuuliza, "Sasa unaweza peke yako?"

Akatazama midomo yangu, akaelewa, najua alielewa.

"Bado," akasema.

23 Aprili

Mvua.

30 Aprili

Mama mwenye nyumba amemtuma Kicheko aje mpaka karakana. Safari hii hata Kicheko hakuanza kwa kucheka. "Shoga, anasema Jumatatu. Usipokuwa umeketi Jumatatu asubuhi, meza inakwenda kwa mtoto wa dada yangu. Nimemsihi, wallahi nimemsihi." Sikuweza kujua kama alisihi au alisukuma, mtoto ni wa dada yake.

Nikamwita shemeji, nikamwita mume wangu, nikasema mbele yao wote wawili, kwa sauti ya kusikika mtaani na mtaa usikie: "Jumatatu nakwenda kwenye kazi yangu. Nikiikosa hii meza, sina pengine. Mimi si wa kuanza upya kutafuta wateja."

Shemeji akasema ni haki yangu kabisa, yeye hawezi kunizuia, ila hoteli inachukua mzigo wiki ijayo na ikikuta milango mibovu karakana imekwisha, na ndugu yake ndiyo basi, geti. Alisema hivyo kwa upole, akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba mimi ndiye nguzo.

Kisha tukamtazama mume wangu. Ilikuwa zamu yake. Angesema neno moja tu, "Nenda," ningekwenda.

Alitoa kijiti mdomoni. "Wiki moja, mama watoto," akasema. "Nisaidie wiki moja."

Miaka mingi hajaniomba kitu. Nikakaa.

6 Mei

Jana ilikuwa Jumatatu. Leo jioni nimepita. Kwenye meza yangu ameketi msichana wa vidole vyembamba, anashona mfuko wa shati la mtoto na anashona vizuri. Mkasi wangu, futi yangu na cherehani yangu vimewekwa kando ukutani, vimefunikwa kwa nailoni vizuri kabisa, kwa heshima, kama maiti. Mama mwenye nyumba alisema, "Nilikungoja, mwanangu, usinilaumu."

Simlaumu. Ndilo linaloniuma zaidi, sina hata wa kumlaumu barazani pale.

Nimemwambia mume wangu wakati wa kula. "Meza imekwenda!" Akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema, "Pole." Akaomba chumvi.

7 Mei

Nataka niandike hili kama lilivyotokea, bila kujipendelea.

Tulibakiza milango michache. Nilisimama mahali pangu, mkono begani, na nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na kelele. Siku zote hasira yangu ina mdomo. Ya leo ilikuwa kimya na ilikuwa imekaa kwenye kidole. Nilikuwa nawaza, mimi nimepoteza changu, kwa nini yeye asipoteze chake? Mlango mmoja tu. Aone inavyokuwa.

Alianza kishimo cha bawaba ya juu. Nyigu akalia vizuri, akaingia, akatulia. Katikati alikutana na kifundo cha mbao, sauti ikaanza kushuka. Ikashuka tena, ikaanza kukoroma. Mtu yeyote mwenye masikio angeinua. Mimi kidole changu kilikuwa begani kwake na sikukibonyeza. Nilikizuia. Nilihesabu pumzi zangu na nikasubiri moshi.

Akainua.

Mwenyewe. Kwa wakati wake kabisa, kwa ulaini, kama fundi yeyote. Akapuliza vumbi, akarudisha ncha, akakipita kile kifundo kidogo kidogo, akamaliza kishimo kisafi mpaka kona.

Nilidhani ni bahati. Kishimo cha pili nikaondoa mkono kabisa. Akaenda mpaka mwisho. Na hapo ndipo nikatazama kile kijiti. Kilikuwa kwenye meno yake, na ncha yake ya pili ilikuwa imegusa mgongo wa nyigu. Kila alipoinamisha kichwa, kijiti kilikuwa kinamgusa. Alikuwa anamsikia nyigu kwa meno. Mtetemo ule ule niliomfundisha mimi, siku ya mvua ya bati, kwa mdomo wangu na kwa kidole chake.

Nilimzunguka nikasimama mbele ya meza. Akazima.

"Tangu lini?" Sikupiga kelele. Alisoma midomo.

Angeweza kukana. Hakukana. "Tangu umeme uliporudi."

Umeme ulirudi Machi! Machi, nami nilikuwa bado na meza, na Kicheko bado ananishikia. Aprili yote. Siku ile ya Kicheko kuja kuniita, kijiti alikitoa mdomoni ili aniombe wiki moja!

"Kwa nini hukusema?"

"Ungeondoka."

"Ndiyo, ningeondoka! Nilikuwa na pa kwenda!"

Wenzake waliacha kazi. Alitazama chini, akakigeuza kijiti vidoleni. "Nilizoea mkono wako," akasema. "Nyumbani hunishiki."

Neno hilo angeliniambia Aprili kumi na tano ningemsamehe dunia nzima. Leo nilisikia tu mtu aliyenichukulia riziki yangu ili apate pa kuegemea mgongo. Hakuniuliza. Angeniuliza, labda ningempa.

Kisha akainua macho, akasema polepole, "Na wewe leo hukunibonyeza. Ilikoroma, hukunibonyeza."

Nilichukua khanga yangu msumarini nikatoka kwenye mvua. Nyuma yangu nilisikia mpaka vanishi anauliza, "Kuna nini?"

8 Mei

Tumelala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule.

12 Mei

Shemeji amekuja. Mkononi ana mlango, ameufunika kwa gazeti usilowe. Akaufunua. Kishimo cha bawaba kimeungua, doa jeusi la mviringo, limezama. "Tangu ulipoondoka anaharibu," akasema. "Huu ni wa tatu. Hoteli wamesogeza siku, wanakuja kesho kutwa. Shemeji, nakusihi, rudi. La sivyo mimi nampeleka getini, na safari hii sirudi nyuma."

Niliuchukua mlango, nikausogeza dirishani. Nimesimama nyuma ya mtu yule miezi miwili, naijua mikono yake. Akisukuma bila kusikia, kishimo huungua kwa mstari, huburuta. Doa hili halikuburuta. Hapa mtu alisimamisha ncha mahali pamoja na akasubiri. Alijua inaungua, moshi ulikuwa unampanda puani, na aliiacha.

Kumbe ananiita. Haji kwa miguu yake, hasemi nisamehe, anachoma milango ya watu ili kaka yake aje kunibeba. Na akipelekwa getini, mtaa wote utasema mke ndiye aliyemwacha.

"Nakuja kesho," nikamwambia shemeji. Akashukuru mpaka akataka kunishika miguu.

13 Mei

Mume wangu aliponiona mlangoni mwa karakana, bega lilishuka. Bega lile najua lugha yake. Akaweka mlango mezani, akamkaza nyigu, akasogea kidogo kuniachia nafasi nyuma yake.

Sikuenda nyuma yake. Nilivuta kiti, nikakaa pembeni ya shemeji. "Mpe kijiti chake," nikasema kwa sauti ya wote. "Huyu hanihitaji. Anamsikia nyigu kwa meno tangu Machi. Hiyo mitatu kaichoma kwa makusudi. Mpe mlango, kaa hapa, mtazame."

Shemeji alidhani natania. Kisha akamtazama ndugu yake, na ndugu yake hakuweza kumtazama.

Alifanya kazi mbele yetu. Nitasema ukweli: sijaona kazi safi namna ile. Kijiti kwenye meno, shingo imeinama, nyigu anaimba sauti moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Bawaba ikaketi kishimoni bila kupapaswa kwa patasi. Mpaka vanishi alipiga makofi, akaona anapiga peke yake, akaacha.

Shemeji alimwambia maneno makali kuhusu ile mitatu, lakini usoni alikuwa na furaha. Fundi wake mzima, mzigo unaondoka, geti limesahaulika. Akanigeukia. "Basi shemeji, umetutoa mbali. Sasa nenda kapumzike."

Nikamuuliza nikapumzike wapi. Alifikiri ni mzaha.

20 Mei

Mvua imepungua. Mume wangu anakuja na matunda, anayaweka mezani, anasimama. Nasema asante. Anakaa.

26 Mei

Nimeweka cherehani dirishani chumbani. Dirisha linatazama ukuta wa jirani. Amekuja mteja mmoja, alikuwa amepotea njia.

2 Juni

Jua. Nimerudi kibarazani. Kicheko ndiye aliyesema na mama mwenye nyumba, nami sikutaka kujua alisemaje. Nimepewa nafasi ya ndani, nyuma ya mlango, kupiga pindo na kushona vifungo vya kazi za yule msichana. Kazi zikizidi ananipa, zisipozidi nakaa. Ni mtoto mwenye adabu, ananiita mama. Leo alinirudishia sketi, akasema, "Mama, hili pindo limevuta kidogo, tafadhali lifumue." Nikatazama, kweli limevuta. Nikafumua. Mteja wangu wa siku nyingi alikuwa amesimama barabarani, akatupa kitambaa kwenye meza ya mbele, "Kama kile cha mwaka jana," na yule binti akamuuliza kipi.

Jioni mume wangu alipita akitoka kazini, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Alisimama kwenye ngazi, hakupanda. Akamuuliza msichana, "Mke wangu yupo?"

"Yupo, baba. Bado ana kazi."

Hakusikia. Msichana akarudia kwa kelele, mtaa ukageuka. Akaitikia kwa kichwa, akaketi kwenye ngazi ya chini kabisa, ametugeuzia mgongo, akangoja.

Nilikuwa nimemaliza tangu mchana. Nikavuta sketi nyingine, isiyo na kosa pindoni, nikaanza kuifumua.